Mkungu wa Kumi na Nne

Wiki tatu kabla ya jubilei ya kanisa letu la Nyakatuntu, katibu wa kamati alinitumia historia ya kanisa kwenye simu, kurasa sita, na chini yake akaandika: "Mama, pitia uone kama kuna kosa, kesho inaenda kuchapwa." Mtu akikwambia pitia leo, kesho inachapwa, ujue hataki upitie. Mimi nanunua ndizi Kyerwa na Karagwe tangu wanangu wakiwa wadogo, na muuzaji akiniharakisha najua kuna mkungu umeoza chini ya rundo. Nikavaa miwani.

Historia yenyewe ilikuwa tamu. Kibanda cha nyasi kikawa jengo la tope, tope likawa matofali, matofali yakaota mnara. Kwaya moja ikawa tatu. Kila kitu kinapanda tu, kana kwamba hakuna mwaka hata mmoja ambao paa lilivuja au wazee waligombania ufunguo. Nikafika kwenye majina ya waanzilishi. Kumi na wawili. Nikahesabu tena, kidole kwenye kioo cha simu. Kumi na wawili.

Sasa wewe rafiki yangu, uliyekulia huku kama mimi, niambie: lini watu wa Nyakatuntu walikusanyika wakatimia idadi ya mitume? Tukiitwa kumi tunafika saba, na tukipikiwa saba tunafika arobaini. Idadi safi namna ile inanitia wasiwasi. Halafu mimi nilikuwapo. Nilikuwa darasa la tatu, nimekonda kama mti wa maharage, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Walikuwa kumi na watatu.

Kazi hiyo nilipewa na bibi. Wazazi wangu walikuwa Kayanga, nilikozaliwa, mimi nikaachwa kwake, kwenye kibanja kilichopanda kilima, migomba mpaka mlangoni na mibuni katikati ya migomba. Asubuhi ilinuka moshi na kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka. Bibi hakusoma, lakini hakuna aliyewahi kumpunja debe la buni. Alinituma nihesabu kuku, nihesabu mayai, nihesabu mikungu iliyokaribia kukatwa. Nikirudi na jibu, alikuwa haniangalii. "Hesabu tena. Sikukuona ukitumia kidole." Narudi. Nikileta jibu lile lile, ananipa ndizi ya kuchoma kutoka kwenye majivu, ananiangalia nikiila, na nadhani hapo pia alikuwa anahesabu matonge.

Kanisa lilianza barazani kwa bibi, na mvua ilipozidi wakakubaliana kujenga. Wanaume walikata miti, wanawake wakaleta maji na kukanyaga tope, sisi watoto tukabeba nyasi kutoka bondeni, kila mzigo ukituchoma shingo. Aliyeezeka alikuwa jirani yetu. Alikuwa kijana wakati ule, alitoka upande wa Rwanda akapalilia kahawa za watu mpaka akapata kashamba kake kadogo chini ya kibanja cha bibi. Sisi tulimwita jirani. Wengine walimwita Munyarwanda, hata mbele yake, naye akaitika. Hakuna mwingine aliyejua kufunga nyasi za kileleni maji yasipenye. Alipanda juu na fungu la kamba za migomba mdomoni, akaimba kwa pua kwa sababu mdomo umejaa, na sisi huku chini tukaitikia upuuzi wowote. Harufu ya zile nyasi mpya ninayo mpaka leo. Nikipita penye banda la mbuzi lililoezekwa jana, nasimama kidogo, na dereva wangu anadhani nimeona ndizi.

Paa lilipokwisha wakapanga siku ya kufungua. Kwa watu wa dini pombe haikusemeka, ikaamuliwa ni mulamba, ile juisi tamu ya ndizi kabla haijachachuliwa. Mulamba wa watu wengi hautoki kwa mkungu mmoja. Kila nyumba ikaleta, na mimi nikasimama njiani na kidole changu. Mikungu kumi na minne. Nikahesabu tena. Kumi na minne.

Unajua kazi hiyo ilivyo, lakini vijana wa siku hizi wanaokunywa soda kwenye harusi hawajui. Unachimba shimo, unalipasha moto, unalitandika majani ya mgomba. Mikungu unaikata chane chane, unazipanga chane ndani, unafunika majani, unafukia udongo. Unaacha siku tano, sita. Shimo halifunguliwi kabla ya siku yake hata aje mkuu wa wilaya. Joto likitoka, ndizi zinabaki ngumu kama vijiti na sherehe imekufa. Shimo lilichimbwa kwa jirani kwa sababu udongo wake ulikuwa mkavu na yeye ndiye aliyejua kulipasha. Wakati wanakata nilikaa pembeni nikahesabu na chane vilevile, kwa mazoea tu. Mia moja na tisa.

Kesho yake bibi akanituma nikaangalie kama shimo limekaa sawa. Pembeni ya shimo kulikuwa na rundo la vikonyo, ile miti ya katikati ya mkungu inayobaki ukishaondoa chane. Nikahesabu. Kumi na vitatu. Nikatumia kidole. Kumi na vitatu.

Mikungu kumi na minne imeingia, vikonyo kumi na vitatu vimebaki. Kwa akili yangu ya darasa la tatu hesabu ilikuwa imeisha: mkungu mmoja haukuingia shimoni. Nilikimbia kilima chote nikifurahi. Nasema kweli, nilifurahi. Nilikuwa nimehesabu kuku na mayai maisha yangu yote na hakijawahi kupotea kitu.

"Bibi, mkungu mmoja umeibwa."

"Umehesabu tena?"

"Nimetumia kidole."

Jioni hiyo jua halijazama wazee wa kanisa walikuwa barazani kwa bibi, na mwinjilisti katikati yao na daftari lake. Jirani aliitwa. Mimi niliwekwa mbele nikasema hesabu yangu, wazee wakatikisa vichwa, mmoja akaniita karani. Kisha nikaambiwa nikacheze. Nikiwa nyuma ya nyumba nilisikia watu wazima wakicheka, kicheko kikubwa cha pamoja, na kwa miaka mingi nilikihesabu katika kumbukumbu zangu nzuri za baraza lile: wazee wamekaa, kahawa ya kutafuna inazunguka kwenye kikapu, wanacheka.

Kufukua shimo ili waangalie hakukuwezekana, nimekwambia kwa nini. Ilibidi wachague kati ya kuharibu mulamba na kumshuku mtu. Kumshuku mtu kulikuwa rahisi zaidi, hasa mtu asiye na shangazi hata mmoja kijijini wa kuja kupiga kelele. Wakamwambia asimame mbali na meza ya Bwana mpaka jambo hili liishe.

Siku ya kufungua shimo nilikuwa wa kwanza kufika. Ndizi zilitoka za njano, laini, na harufu yake ilivuta nyuki kutoka kijiji cha pili. Wanaume wakazimenya ndani ya mtumbwi wa kukamulia, wakachanganya nyasi, wakakanyaga. Mimi nilihesabu chane zikitoka. Mia moja na tisa. Nilihesabu tena kwenye maganda, maana sikupenda jibu.

Hakuna mkungu uliopotea. Kilichopotea ni kikonyo. Na bibi alikuwa na mbuzi dume, mwekundu, aliyekuwa anakata kamba kila siku, na hakuna kitu mbuzi anapenda kama kikonyo kibichi.

Hapo nilikuwa na njia mbili, na zote nilizijua. Mwinjilisti akanishika bega mbele ya watu, akasema karani wetu anywe wa kwanza. Nikapewa kibuyu. Mulamba ule ulikuwa mtamu, rafiki yangu, siwezi kukudanganya. Nilikunywa nikanyamaza.

Jirani alisimama nje ya lile kanisa aliloliezeka, mvua ikianza, akiangalia juu kama linavuja. Halikuvuja. Msimu wa kahawa ulipokwisha aliuza kashamba kake, akahama. Jambo halikuisha kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulimaliza.

Kwa hiyo nilipoona wale kumi na wawili nilishajua nani kakatwa, kilichobaki ni nani kamkata. Nikampigia katibu. Yeye ni kijana wa juzi, mwalimu, mpole sana, na watu wapole sana mimi nawachunguza mara mbili.

"Orodha hii mmeitoa wapi?"

"Kwenye daftari la mwinjilisti wa kwanza, Mama. Tumenakili kama lilivyo."

"Kama lilivyo? Hamna jina mliloliruka?"

"Kuna ukurasa mwingine wa waliotengwa. Huo hatukuuweka, ni jubilei."

"Kwenye huo ukurasa kuna nani?"

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Kuna mmoja. Ameandikwa 'Munyarwanda, jirani wa mama mzee'. Basi. Wewe unalijua jina lake?"

Nilikuwa nimebeba nyasi zake, nimeitikia nyimbo zake, nimemhesabia vikonyo, na jina lake sikuwahi kulijua. Nilikuwa nimejiandaa kumkamata mtu kwa simu ile. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Wanunuzi wa ndizi tunajua watu. Baada ya siku mbili nikaambiwa yuko Kihanga, mzee sasa, ana shamba zuri la kahawa, anasali kanisa la huko na ana wajukuu. Nikapanda gari mpaka Kihanga, nikachukua bodaboda kwa njia iliyobaki. Nilimkuta anapogoa migomba, mgongo umepinda, mikono ni ile ile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ni wa nani wewe?"

"Mjukuu wa yule bibi wa Nyakatuntu, mwenye kibanja cha juu yako."

Akaweka kisu chini. Akanitazama kuanzia viatu. "Yule wa kuhesabu?"

"Ndiyo, mzee."

"Umekuja kuhesabu nini? Nina kuku watano. Wa sita anataga, usimsumbue."

Mke wake akatoka na kiti, akaleta chai na maharage yaliyopikwa pamoja na ndizi. Wakati nakula nilimweleza. Jubilei. Majina kumi na mawili. Chane mia moja na tisa. Nilipofika kwenye kikonyo, akanimalizia.

"Kililiwa na mbuzi wa bibi yako. Nilimwona anatoka nacho, kinaning'inia mdomoni kama kiko."

"Sasa mzee, kwa nini hukuwaambia?"

"Niliwaambia! Nilisema palepale barazani. Mbuzi wa mama amekula. Walicheka mpaka mwinjilisti akafuta macho. Wakasema huyu sasa anamsingizia hata mbuzi wa Mkristo."

Mke wake aliangalia pembeni. Mimi niliweka kijiko. Kicheko changu cha barazani, kile nilichokihifadhi miaka yote na harufu ya kahawa, kilikuwa ni hicho.

"Mzee, nimekuja kuuliza jina lako. Waliandike."

"Waliandike wapi?"

"Na waanzilishi."

"Sio na kondoo waliorudi?" Alisema polepole, kama mtu anayekagua kitambaa kwa mwanga. "Hapa Kihanga nimesikia sherehe hizo. Wanaita watu mbele, wanawaombea, eti walipotea wakapatikana. Mimi sikupotea. Nilihama."

"Na waanzilishi, mzee. Naahidi."

"Na nani atasema kikonyo kilikwenda wapi?"

Nilikuwa nimetumaini hataliuliza. Nikajaribu kupunguza, ndiyo tabia yangu. Nikasema mchungaji anaweza kueleza kwa ufupi. Akatikisa kichwa. Nikasema iandikwe kwenye kitabu, mstari mmoja. Akaokota kisu chake.

"Ulisema kwa mdomo," akasema. "Sema kwa mdomo."

Ndipo akanipa majina yake mawili, na mimi nikayaandika kwenye kiganja, kisha kwenye simu.

Katibu alikuwa mgumu kuliko nilivyotarajia. Kamati ilikuwa imekaa. Wakapendekeza ukurasa wa mwisho, chini ya "waliotoa msaada wa hali na mali", pale wanapowekwa wenye kuazimisha masufuria.

"Mama, kumi na wawili ina maana nzuri. Mchungaji ameshaandaa na mahubiri."

"Abadilishe mahubiri. Hata mitume waliongeza mtu."

"Kitabu kiko kwa mchapaji."

"Na ndizi za sherehe ziko kwangu. Nilisema nitaleta mikungu sabini, unakumbuka? Naweza kusikia vibaya nikaleta saba."

Akacheka, akaona mimi sicheki. "Mama, unatuuzia ndizi au unatuuzia historia?"

"Ndizi nawapa bure. Historia ndiyo nadai."

Kisha akasema, sauti ya chini, kwamba yeye mwenyewe alipouona ule ukurasa wa waliotengwa hakuupenda, ila hakujua amuulize nani. Jina likaingia. Namba kumi na tatu. Sikumwamini mpaka nilipoletewa kitabu kimechapwa, nikahesabu mstari kwa mstari, kisha nikaanza juu tena.

Jumapili ya jubilei uwanja ulijaa mahema na spika. Jirani alifika na mke wake na wajukuu wawili, amevaa koti zito la kahawia kwenye jua lile. Nikamketisha safu ya tatu nami nikakaa ubavuni mwake. Mchungaji akasoma waanzilishi. Kwa kila jina ukoo wake ulipiga vigelegele, watoto na vitukuu, kelele inatoka kona hii na ile. Namba kumi na tatu aliposomwa, kimya. Nikasikia nyuma yangu wanaulizana: "Huyo ni nani? Wa wapi?" Mke wake akapiga kigelegele kimoja, cha peke yake, kirefu.

Hapo nikasimama. Nilikuwa nimemwomba katibu dakika mbili na alinipa moja. Nikasema aliezeka kanisa la kwanza na halikuvuja. Nikasema nilimwita mwizi nikiwa mtoto, na siku tano baadaye nikajua si mwizi nikaendelea kunyamaza nikiwa mtoto, kisha nikawa mtu mzima nikanyamaza vilevile. Nikasema kikonyo kililiwa na mbuzi, na mbuzi alikuwa wetu. Wengine walicheka kwa sababu ya mbuzi, mama mmoja akawanyamazisha. Nikamgeukia mzee nikasema nisamehe. Akaitikia kwa kichwa, mara moja, akanionyesha nikae.

Nilikaa nikatafuta nyuso. Mwinjilisti yuko makaburini nyuma ya mnara. Wale wazee wa barazani wako naye, mstari mmoja, misalaba ya saruji. Bibi yuko kibanjani kwake, chini ya migomba iliyokauka kwa mnyauko, na baraza lenyewe limebomoka. Mtumbwi wa kukamulia ulipasuliwa kuni. Sherehe ile ilikuwa na soda na maji ya chupa, na hakuna mtoto hata mmoja pale aliyewahi kuona shimo la ndizi likifunguliwa. Nimekumbuka mambo haya miaka mingi kama mtu anayekumbuka utamu. Siku hiyo nilitamani kitu kimoja tu kutoka zamani, wale wazee wawepo, dakika moja, wasikie. Mia nne walinisikia. Waliopaswa kusikia walikuwa sifuri, na hesabu hiyo sikuirudia.

Watu walipoanza kuelekea kwenye chakula, binti mmoja wa mapokezi alikuja na adabu zake zote, akapiga goti, akamkabidhi mzee kalamu na kitabu kikubwa cha wageni.

Mzee akakiangalia. Akageuza jalada, akasoma neno lililoandikwa juu, akakifunga.

"Mimi si mgeni hapa, mwanangu," akasema, akanipa mimi kile kitabu. "Mpe huyu. Anatoka Kayanga."

Nikakipokea, nikatia sahihi.